Demo ya metali kwenye chumba cha nyuma: tulivyolaumu vifaa bure

Rekodi yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika 4 na sekunde 12. Mpiga besi wetu aliisikiliza yote, akavua hedfoni, akauliza ni wimbo upi. Hakuwa anatania. Tulikuwa tumeufanyia mazoezi wimbo huo kila Jumamosi kwa miezi mitano. Kilichotoka kilikuwa mngurumo wa lori lililobeba mawe likipanda mlima, na juu yake simbali zinamwagika kama mchele kwenye sinia.

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote, pamoja na aibu zake, kwa sababu kila wiki kuna kijana anayeuliza anunue maiki gani ili gitaa lake la metali lisikike vizuri. Sisi tuliuliza swali hilohilo, na lilitupotezea karibu miezi mitatu.

Tuko wanne. Magitaa ni mawili, langu na la mwenzangu ambaye ndiye pia anayepiga mayowe, halafu besi na dramu. Mazoezi tulifanyia kwenye SQ, kile chumba cha wafanyakazi, nyuma ya nyumba ya shangazi yake mpiga besi, upande wa Kasarani, Nairobi. Chumba kina upana wa mita 3, urefu wa mita 3.6, na kutoka sakafuni hadi kwenye silingibodi ni mita 2.4. Kumbukeni hiyo 2.4. Vifaa vilikuwa laptopu ya zamani, intafesi (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) yenye matundu mawili niliyouziwa shilingi 9,000 na mwanafunzi aliyekuwa anamaliza chuo, ampu ndogo ya gitaa ya wati 15, na kiki kuukuu (ile dramu kubwa ya mguu), snea (dramu ndogo ya mkono) na simbali mbili. Besi tuliichomeka kwenye wufa ya sebuleni, ile ya kutazamia filamu. Programu ya kurekodia ni Reaper, ambayo unaruhusiwa kuijaribu siku 60 kabla ya kulipia leseni ya dola 60. Maiki tulikuwa nayo moja, ya umbo la Shure SM57, tuliyoinunua mtaa wa Luthuli. Shure halisi wanaitengeneza tangu 1965. Hii yetu nadhani ilitengenezwa Jumanne.

Baada ya aibu ile ya kwanza tulijifariji kwa Darkthrone. Mtu hadumu kwenye metali mwaka mmoja kabla ya kusimuliwa habari zao: kwamba hawa watu wa Norway walirekodi albamu yao ya 1994 kwa mashine ya kaseti ya traki nne, nyumbani, na leo inaheshimiwa dunia nzima. Kwa hiyo, tukasema, sauti mbovu si kasoro, ni mtindo. Mwenzangu alikuwa tayari kabisa kuitoa ile rekodi vilevile.

Hesabu yetu iliruka mambo mawili. Kwanza, wale walikuwa wameshapita studio za kweli. Albamu yao ya 1991 ilirekodiwa Sunlight, Stockholm, na ni det metali, tawi zito la metali, yenye vipengele vigumu kucheza. Waliporudi kwenye kaseti walikuwa wanajua wanachokiacha. La pili ndilo lililonigonga baadaye, na sijaona watu wakilitaja sana: kwenye ile ya 1994 mpiga dramu wao, Fenriz, alipiga vyombo vyote mwenyewe, mwenzake akaweka sauti. Mtu mmoja hagombani na nafsi yake kuhusu mwendo. Gitaa likichelewa, besi nayo inachelewa vilevile, kwa mkono uleule. Sisi tulikuwa watu wanne wenye saa nne.

Lakini wakati huo hatukuliona hilo. Tulikilaumu chumba.

Tulikuwa na sababu. Tunashusha nyuzi hadi drop C, yaani uzi mnene kabisa unatoa C badala ya E ya kawaida, na kila tulipopita kwenye noti ya D chumba kizima kilinguruma, hata kioo cha dirisha kikatetemeka. C yenyewe ilikuwa kimya kidogo, D ikawa simba. Tukadhani ni wufa. Tukaihamisha kona hadi kona, na D ikatufuata. Siku moja nikachukua kalamu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Chumba kikiwa na kimo cha mita 2.4, wimbi ambalo nusu yake inatoshea sawasawa kati ya sakafu na dari ni la hezi (mitikisiko kwa sekunde) 71 hivi. Ile D yetu ya chini iko kwenye hezi 73. Yaani tulikuwa tumetunga rifu nzima (ule mfuatano wa noti za gitaa unaorudiwa) juu ya noti ambayo dari ya shangazi inaipenda.

Tukanunua magodoro mawili ya sponji ya inchi 4, shilingi 6,000 kwa jumla, tukayasimamisha ukutani. Ukipiga makofi chumbani sasa yanasikika makavu, na tukashangilia. D ikaendelea kunguruma kana kwamba hatujafanya lolote. Sponji ya unene huo hula sauti za juu, mng'aro wa simbali na sauti ya mtu. Kwa wimbi la hezi 71, robo yake tu ni mita 1.2. Ili godoro lilikamate wimbi hilo lingejaza nusu ya chumba, na sisi tungepigia nje kwenye mihindi. Magodoro hayo sasa analalia mpwa wake shangazi akija likizo. Angalau yamepata kazi.

Mshtakiwa wa pili akawa maiki. Tukaacha kuweka maiki mbele ya ampu, tukachomeka magitaa moja kwa moja kwenye intafesi na kutumia programu inayoiga ampu, Neural Amp Modeler, ambayo ni ya bure, pamoja na faili za bure zinazoiga kasha la spika. Hili lilikuwa jambo la busara, na ningemshauri yeyote mwenye chumba kidogo aanze hapo hapo. Chumba kinaondoka kwenye hesabu. D haingurumi tena kwa sababu hakuna hewa inayotikiswa. Tukarekodi upya, tukasikiliza, na lori likawa limerudi. Sasa lilikuwa lori safi, lililooshwa, lakini ni lori.

Basi hapo ndipo tungekwama, kama si bahati. Nilibeba faili zetu kwenye flashi hadi kwa binamu yangu mwenye spika nzuri. Kompyuta yake haikuwa na ile programu ya ampu. Nilipofungua, magitaa yakatoka uchi, bila distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la metali, hata tone, yakilia kama nyuzi za waya juu ya mkebe. Nilitaka kufunga. Binamu, ambaye hapendi metali na wala hajifichi, akasema: "Ngoja. Mbona hawa wawili hawapigi kitu kimoja?"

Tulikaa hapo hadi saa 4 usiku. Nilikuza picha ya mawimbi ya gitaa la kushoto na la kulia, nikaanza kupima. Wimbo ni wa mapigo 170 kwa dakika, kwa hiyo kila noti fupi, robo ya pigo, ina milisekunde 88. Kwenye sehemu ya kasi, gitaa langu lilikuwa nyuma ya la mwenzangu kwa 30, mahali pengine 40. Karibu nusu ya noti! Halafu yeye huziba nyuzi kwa kiganja karibu kabisa na daraja la gitaa na kugonga chini tu, chini tu. Mimi naziba mbele zaidi na kugonga chini-juu. Ukiwasha distosheni, sauti ndogo na sauti kubwa zote zinabanwa zikawa karibu sawa, na kila mmoja wetu akisimama karibu na ampu alisikia ukuta imara. Kuta mbili zilizopishana kwa milisekunde 40 ndizo zilikuwa lori letu.

Na nyuzi je? Tulikuwa tunatumia seti nyembamba, unene wa 9 hadi 42 kwa elfu za inchi, zilizokusudiwa mpangilio wa kawaida. Ukizishusha hadi C zinakuwa kama kamba za kuanikia nguo. Ukizigonga kwa nguvu noti inaanza juu, kisha inateremka hadi mahali pake, na kwa kasi ile haipati hata muda wa kuteremka. Tuliweka kifaa cha kupimia noti kwenye traki zile kavu, na hakuna rifu iliyokuwa kwenye noti yake. Watu humtaja Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham na akategemea nyuzi nyepesi, baadaye akazilegeza. Yeye alikuwa na sababu, na mkono wenye nidhamu ya ajabu. Sisi tulikuwa tumeiga ulegevu bila ule mkono.

Seti mbili za 11 hadi 54 zilitugharimu shilingi 3,200. Zilihitaji kupanuliwa matundu ya nati, kile kipande kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo ya gitaa, na kupangwa upya kwenye daraja, kazi ya jioni moja. Nasema bila kusita kwamba hakuna kitu tulichonunua mwaka ule kilichobadilisha sauti yetu kuliko hizo nyuzi.

Kubadilisha mikono kulichukua wiki sita, na hapa udhaifu wa vifaa ulitusaidia kwa njia ambayo hatukupanga. Ile laptopu haikuweza kuendesha ampu ya kuiga kwa haraka. Tulipoweka bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa) ya sampuli 128, ambayo ni kama milisekunde 3, sauti ilipasukapasuka kama mahindi ya bisi. Tulipopandisha hadi 1,024 kupasuka kuliisha, lakini ukigonga uzi unasikia baadaye, milisekunde 23 na nyongeza. Huwezi kupiga mapigo 170 hivyo. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kujisikiliza moja kwa moja kutoka kwenye intafesi kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, na hapo gitaa ni kavu tupu. Kwa hiyo tulifanya mazoezi bila distosheni kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Ningekuwa na laptopu nzuri wakati ule, naamini bado tungekuwa na lori.

Na kwa kuwa matundu ni mawili, mazoezi yakawa ya watu wawili wawili. Jumatano ilikuwa ya magitaa, la kwangu tundu la kwanza na la mwenzangu tundu la pili, kila mtu hedfoni kichwani, kliki, ule mdundo wa kutunza mwendo, ikigonga 85, nusu ya mwendo. Alhamisi ilikuwa besi na dramu. Mpiga dramu alikata kipande cha tairi akakigongomea kwenye ubao, maiki ya Luthuli ikaelekezwa hapo (hatimaye ilipata kazi inayoiweza). Kila zoezi lilirekodiwa na kusikilizwa papo hapo, dakika mbili kucheza, dakika mbili kusikiliza. Ni kazi ya kuchosha roho. Jumatano ya tatu mwenzangu aliondoka akiwa amenuna kwa sababu nilimwonyesha kwenye skrini kwamba kila akiingia kwenye kiitikio anakimbia. Wiki iliyofuata alinionyesha mimi mahali ninaposinzia, nikanuna kwa zamu yangu.

Mazoezi ya zamani yalikuwa na ugonjwa mmoja ambao nadhani wengi mnao: dramu ina sauti kubwa, kwa hiyo gitaa linapandishwa, besi nayo inapandishwa, mwimbaji hasikiki anapiga kelele hadi koo linawaka, na mwisho wa siku watu wanne wametoka jasho bila kusikia hata mmoja kilichopigwa na mwenzake. Tuliiita nguvu.

Dramu zenyewe zilileta mjadala. Kuna waliotuambia tuziandike kwenye kompyuta, na mfano wao ulikuwa wa hapahapa: Duma, vijana wawili waliotoka kwenye metali ya Nairobi, albamu yao ya 2020 iliyotoka Nyege Nyege Tapes ya Kampala imejengwa juu ya mapigo ya mashine, na inatisha vizuri. Ni kweli. Lakini wao walitafuta sauti hiyo. Mpiga dramu wetu alijibu kwa sentensi moja: "Basi Jumamosi mwiteni laptopu." Hoja ikafungwa.

Yeye, kama wapiga dramu wengi mjini hapa, amelelewa na kanisa, na seti nzuri anayopiga Jumapili iko kwenye ukumbi wa kanisa lake. Mchungaji alituruhusu Jumanne alasiri, kwa muda wa saa mbili, kwa sharti kwamba hakuna atakayeimba. Alishawahi kumsikia mwenzangu.

Maiki mbili pekee, basi, za kuazima, juu ya seti nzima. Mara ya kwanza tuliziweka kwa macho. Kwenye hedfoni zilikuwa nzuri, lakini tulipozichanganya kuwa sauti moja ya katikati, snea iligeuka karatasi. Maiki moja ilikuwa mbali na snea kuliko nyingine kwa karibu sentimita 80. Sauti ilifika huko ikiwa imechelewa kiasi cha kuifuta mwenzake kwenye hezi 214 hivi, na hapo ndipo unene wa snea unapokaa. Dawa ni kamba ya viatu. Shika ncha moja katikati ya snea, ivute hadi maiki ya kwanza, funga fundo, kisha hakikisha ya pili inafika kwenye fundo hilohilo. Bei yake ni bure, na sijui kwa nini hatukuambiwa siku ya kwanza.

Tatizo likabaki kwenye kiki. Matundu yameisha, na metali bila kiki inayosikika kila pigo ni uji. Tuliifunga simu kwenye taulo tukaitia ndani ya kiki ikirekodi peke yake, tukapiga kofi moja kubwa mwanzoni mwa kila wimbo ili baadaye tuoanishe. Sauti ya simu haifai, imepasuka vibaya, lakini inaonyesha kila pigo liko wapi. Kisha alasiri ilipokaribia kuisha tukarekodi mapigo 20 ya kiki peke yake, polepole, maiki ikiwa ndani, na hayo ndiyo niliyoyapandikiza juu ya alama za simu. Saa ya simu na ya intafesi hazikubaliani kabisa, zinaachana kidogo kidogo kadiri wimbo unavyokwenda, kwa hiyo ilinibidi nikate vipande na kuvisogeza. Wimbo wa pili pekee una mapigo ya kiki zaidi ya 1,000. Mpiga dramu aliuliza kama hiyo si ileile laptopu aliyoikataa. Nilimwambia ngozi ni yake, mguu ni wake, na muda ni wake, mimi nimeleta maiki tu kwa kuchelewa. Alikubali nusu.

Mvua ilianza kwenye wimbo wa tatu. Mabati ya ukumbi hayana dari. Tulisubiri dakika 40 kati ya zile saa mbili, na bado ukisikiliza mwisho wa wimbo huo, pale magitaa yanaponyamaza, kuna manyunyu. Tumeyaacha.

Magitaa yalirekodiwa SQ kwa betri ya laptopu. Soketi za pale hazina waya wa ardhini, na chaja ikichomekwa kila kitu kinavuma. Ukichomoa panatulia. Betri inadumu saa moja na dakika 40, na hiyo ikawa ratiba yetu, kwani shangazi naye hakuwa tayari tuendelee kula tokeni zake. Distosheni tuliishusha hadi karibu nusu ya tuliyozoea. Peke yake gitaa linasikika jembamba, unataka kulia. Mawili yakicheza pamoja, moja kushoto moja kulia, unene unarudi wenyewe. Tulikata kila kitu chini ya hezi 80 kwenye magitaa, hata ingawa C yetu ya chini iko 65. Sikio linaijaza kutokana na sauti zake za juu, na nafasi ile inaachiwa besi na kiki.

Kwenye nyimbo mbili, za kasi zaidi, pande zote mbili amepiga mwenzangu. Mkono mmoja ukipiga mara mbili hulingana kuliko mikono miwili. Ndiye aliye sahihi zaidi kati yetu, na nilikuwa nimeshapima vya kutosha kwenye skrini nisiweze kubisha.

Sauti ya kinywa ilikuwa rahisi kuliko tulivyoogopa. Shangazi anauza mitumba Githurai, na marobota yake yanakaa kwenye korido. Tulitundika makoti mazito pande tatu, mwimbaji akasimama katikati, maiki mbele. Shangazi hakuuliza habari za shetani, kama majirani walivyofanya. Aliuliza kama mtoto anakunywa maji.

Miksi nilifanyia kwenye hedfoni, kisha nikaipeleka kwenye gari la binamu, Probox, kisha kwenye wufa, kisha kwenye masikio ya simu ya shilingi 200, na kila mahali nikaandika kinachokosekana kwenye karatasi badala ya kukigusa palepale. Nyimbo 4, dakika 17. Rifu zinatambulika. Mpiga besi anajua ni wimbo upi.

Besi yake ndiyo bado. C yake ya chini kabisa iko kwenye hezi 33 hivi, na hakuna spika tuliyo nayo inayoitoa. Kwenye Probox inapotea, kwenye wufa inafunika kiki. Nimejaribu kuigawa traki mbili, ya chini iachwe safi na ya juu ipewe distosheni kidogo ili walau masikio ya simu yapate kitu cha kushika. Wimbo wa kwanza ulikubali, wa nne ulikataa. Jumamosi tunarudi SQ, yeye na mimi tu, kliki 85.